Maombi ya Wateja

4 Machi

Mwanangu,

Pokea salamu zetu. Huku wazima, isipokuwa goti langu limeninunia tangu nibadilishe cherehani. Wewe je, unakula? Kwenye simu sauti yako ilikuwa ya njaa.

Ulisema wateja wa kliniki yenu wamepungua na mkataba wako uko mashakani. Roho iliniuma. Basi nimelipeleka suala lako kwenye kikundi chetu cha maombi. Mwenyekiti alilipokea kwa mikono miwili, akina mama wote wakasimama kuomba wateja wako wafurike mpaka foleni itoke nje ya geti. Watakuja tu.

Mdogo wako anakusalimu. Shuleni wameleta tena ile chanjo ya wasichana, nimekataa. Mtoto mdogo vile, chanjo ya nini?

Mama yako

19 Machi

Mama, shikamoo.

Goti lipatane na cherehani jamani. Mimi mzima, na nakula.

Mama, nakuomba sana, hayo maombi yasimame. Nilikuficha kwa aibu. Wateja wangu ni watu wenye masundosundo sehemu za siri. Napangusa pale penye sundosundo kwa kijiti cha pamba, maabara wanatafuta ni virusi vya aina gani, nasi tunamuuliza mgonjwa kama alichanjwa. Hapo ndipo tunajua chanjo inafanya kazi au tunawachoma watoto bure.

Inafanya kazi. Wasichana waliochanjwa ni nadra kuwaona, na zile aina za virusi zinazozuiwa na chanjo karibu zimepotea kwao. Wanaokuja ni wale ambao wazazi wao walikataa wasichanjwe. Juzi mmoja alilia mbele yangu, akaniuliza atamwambiaje mama yake. Nikamuona kama mdogo wangu. Chanjo hiyo hiyo inakinga saratani ya mlango wa kizazi. Mruhusu, Mama.

Mwanao

2 Mei

Mama, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Barua hujibu, simu hupokei. Mdogo wangu anasema unashona kwa hasira na umevunja sindano mbili. Kama ni aibu, waambie watu napima macho. Ila nesi wa shule anamaliza kuchanja mwezi huu. Mtoto achanjwe.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu,

Marahaba zote mbili. Goti lipo, linalalamika kama kawaida.

Sikukukasirikia. Nilikuwa natafuta pa kuuweka uso wangu. Akina mama wazima tumewaombea watu magonjwa ya huko chini, tena kwa kupaza sauti, na wengine walifunga! Mwishowe nikasimama nikawaeleza yote. Mwenyekiti akaketi, kisha akauliza polepole kama nafasi ya wajukuu zake kuchanjwa bado ipo. Kumbe wengi walikuwa wamekataa kama mimi.

Jumatatu tukaenda shuleni kwa kundi. Nesi alidhani tumekuja kufanya fujo, akajifungia ofisini mpaka mwalimu mkuu alipombembeleza. Mdogo wako amechomwa wa kwanza. Hakulia. Aliyelia ni mwenyekiti.

Jana tumeomba upya. Tumeomba wateja wako waishe kabisa, asibaki hata mmoja. Najua hiyo ina maana gani kwa kazi yako, mwanangu, na bado niliitikia kwa sauti kuwashinda wote.

Chumba chako nimekifagia. Godoro nimelianika juani.

Mama yako