Baiskeli ya Kulala ya Baba Glory

Kwai, 12 Februari 2023

Mpendwa Mama Glory,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi ni mzima kwa kiasi changu, mawazo yangu yako kwako na kwa mama yako. Ule upande wake uliokufa ganzi umeanza kusikia chochote? Mfikishie shikamoo yangu.

Nimeona niandike kwa sababu simu imetushinda. Masikio yangu unayajua, grenda ya kukatia vyuma imeyamaliza. Juzi ulivyopiga nilikuwa naitikia tu "eeh, eeh" bila kujua unasema nini, na baadaye nikajisikia vibaya. Mariamu, yule mchuuzi wa karoti, hushuka Soni siku za soko, na ana mwenzake anayekwenda Bumbuli. Amekubali kutubebea barua.

Ni mwaka sasa tangu mama apate kiharusi ukaenda kumuuguza. Krismasi nilijaribu kuja, ukasikia yaliyonikuta. Basi lilinitingisha mpaka Lushoto wakanishusha kwa kunibeba, nikarudishwa nyumbani kulala chali. Tangu nianguke kutoka paa la lile banda la ng'ombe, kukaa wima kwangu ni adhabu. Kutembea ni mpaka kanisani, na hapo nimepumzika njiani. Nafuu naipata kwenye kiti cha uvivu tu, nikiwa nimeegemea nyuma na miguu nimeinyoosha.

Sasa juzi nimekaa humo uani, nikawaza, hiki kiti kingekuwa na magurudumu ningekwenda nacho Bumbuli. Nikacheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka. Zile baiskeli mbili kuukuu bado ziko stoo. Nataka kuzikata niziunge ziwe moja ndefu, mtu anaegemea kama yuko kitini, pedeli ziko mbele yake. Usinikataze kabla sijaanza.

Mumeo,
Baba Glory


Bumbuli, 5 Machi 2023

Kwako Baba Glory,

Salaam. Barua yako imefika ikiwa na harufu ya karoti, nimefurahi kuona mwandiko wako. Sisi tupo. Mama anakula uji na viazi vilivyopondwa, mkono bado umelala. Maneno yake yamerudi, na afadhali yangerudi taratibu, maana siku nzima ananiagiza.

Nimechoka, mume wangu. Siandiki hili ili unihurumie. Namgeuza asubuhi, namgeuza mchana, namfulia, nalima kijishamba chake, na kila ninapokaa chini ananiita. Ndugu zangu wote wametangulia, nimwachie nani?

Nilimwambia tena tuje Kwai, tukae wote nyumba moja, mimi niwauguze mkiwa karibu karibu. Nilidhani safari hii angekubali. Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa. Akasema, "Niogeshwe na kulishwa chini ya paa la mkwe wangu, yeye akisikia sebuleni? Nizike kwanza." Unajua tangu unioe hajawahi kula chakula mbele yako. Hilo kwake ni heshima ya mwisho aliyobaki nayo, na mimi sina nguvu ya kumnyang'anya.

Kuhusu baiskeli, siwezi kukataza kitu ambacho sikielewi. Nakuomba tu usiinue vyuma vizito.

Mkeo,
Mama Glory


Kwai, 23 Aprili 2023

Mpendwa Mama Glory,

Habari za huko kwenye mvua? Huku inanyesha tangu Pasaka, ukungu unaingia mpaka jikoni. Mgongo hauipendi baridi hii, lakini nimo. Glory alipiga simu kutoka Dodoma, jirani yetu Klara akaongea naye kwa niaba yangu. Hajambo, anakusalimia.

Baiskeli ina sura sasa. Nachomelea nikiwa nimelala ubavu kwenye gunia, napumzika, nachomelea tena. Kazi ambayo zamani ningeimaliza kabla ya chai ya saa nne inanichukua wiki nzima. Nimekata fremu ya kwanza katikati, nikaiunga na ya pili kwa bomba la maji. Gurudumu la nyuma ni la kawaida, la mbele ni dogo, nimelitoa kwenye baiskeli ya mtoto. Kiti nimekisuka kwa kamba za manila, kimelala kama kile cha uani. Cheni ndiyo imenisumbua. Pedeli ziko mbele na gurudumu linalovutwa liko nyuma, kwa hiyo imebidi niunge cheni za baiskeli zote mbili na kipande cha nyingine, na bado ilikuwa inaning'inia na kuchomoka. Nimeipitisha juu ya kapi dogo, sasa imetulia.

Hamza fundi baiskeli alikuja kuiona. Akaizunguka, kisha akatoa simu yake akanionyesha picha. Kumbe huko Ulaya zipo, wanaziendesha watu wazima kabisa. Nilisononeka kidogo, nilidhani nimebuni mimi. Halafu nikafarijika. Kama zipo, basi zinaendeshwa.

Bado sijaijaribu. Nangoja njia ikauke.

Mumeo,
Baba Glory


Bumbuli, 28 Mei 2023

Baba Glory,

Salaam. Natumaini unaendelea vizuri, ingawa nimeambiwa vinginevyo.

Mwenzake Mariamu amekuja na habari kabla ya barua yako. Kwamba umeanguka na hilo dude mbele ya watu wanaotoka kanisani. Kwamba ulianguka tena siku ya pili yake, na ya tatu ukatumbukia kwenye mfereji wa maji ya kabichi, Hamza akakuvuta. Kwamba una kidonda kwenye kiwiko na hutaki kwenda zahanati.

Sasa nikuulize, na unijibu kwa utulivu. Ukivunjika tena, ni nani atakuja? Mimi nina mgonjwa mmoja na mikono yangu inatetemeka nikishika ndoo. Juzi nimelala kwenye benchi la jikoni na sufuria ikaungua, mama akaita mpaka sauti ikakauka. Sitaweza wawili. Nakuambia ukweli ambao sijamwambia hata mchungaji. Kuna siku nakaa nje nikiosha mashuka nawaza kuwa nikiondoka nikashuka Mombo, nikapanda basi lolote, hakuna atakayejua mpaka jioni.

Siondoki. Lakini acha hiyo baiskeli.

Mama Glory


Kwai, 16 Julai 2023

Mke wangu mpendwa,

Shikamoo kwa mama, na kwako pole nyingi. Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Kwa siku nyingi sikugusa chuma. Nilikaa uani nikitazama lile dude limeegemea ukuta, nikaona na mimi nimeegemea hivyo hivyo.

Sikuiacha, Mama Glory. Unisamehe.

Nilikuwa nakosea kwenye shingo. Nilikuwa nainua kichwa kutazama gurudumu la mbele kama linaenda sawa, na nikiinua kichwa mabega yanakaza, mikono inavuta usukani, naanguka. Hamza ndiye aliyeona. Aliniambia, "Mzee, lala kweli. Unaendesha kama mtu anayeogopa kitanda chake." Basi nikajiachia mgongo wote kwenye zile kamba, nikaangalia mbali, kwenye miti ya kule juu, nikasukuma. Ikayumba, ikanyooka. Nikafika kwenye kisima cha shule sijaanguka, na mgongo hauumi. Nasema hauumi. Tangu ile ajali sijawahi kwenda mahali bila kuumia.

Sasa nakwenda gulioni, nakwenda kupeleka maziwa. Nimefunga mwanzi wenye kipande cha kitenge chekundu nyuma ili madereva wanione, kwa kuwa niko chini sana. Watu hucheka. Wamama wa kwaya husema Baba Glory anaendesha kitanda. Sijali sana.

Nataka kuja kukuona. Kutoka Magamba ni mteremko mpaka Lushoto, na kutoka Lushoto mpaka Soni ni mteremko tena. Soni hadi kwenu nitakwenda polepole. Nitakuja Jumamosi ya kwanza ya Septemba, ukungu ukiwa umepungua. Nikae nawe siku hiyo moja, nikushikie ndoo.

Mumeo,
Baba Glory


Bumbuli, 13 Agosti 2023

Kwako mume wangu,

Salaam kutoka kwetu. Mama amekuwa na kikohozi, sasa kimetulia. Mimi nimepungua, usishtuke ukiniona.

Nilitaka kukukatalia. Nilishika kalamu kabisa. Halafu nikaona kwamba tangu nisome hiyo Jumamosi ya Septemba nimekuwa nikiamka kwa urahisi zaidi. Basi njoo. Nimetenga jogoo, na nimefua lile gauni la kijani.

Mama ameuliza baiskeli hiyo ikoje. Nilimweleza. Akauliza kama mtu akiendesha nguo zake zinakaa vizuri. Nikamwambia nadhani unavaa suruali. Ameridhika.

Nitakungoja pale njia inapoingia kijijini kwetu, tangu mchana.

Mkeo,
Mama Glory


Kwai, 4 Septemba 2023

Mama Glory,

Salaam. Hatujambo huku. Jumamosi sikuweza kufika, kuna kazi ya mageti iliingia ghafla ikanibana. Najua umengoja. Tutapanga siku nyingine Mungu akipenda.

Msalimie mama.

Baba Glory


Kwai, 8 Oktoba 2023

Mpendwa Mama Glory,

Salaam. Natumaini mko salama. Mariamu amekuja mara kadhaa mikono mitupu, anasema hakupewa kitu cha kuniletea. Nimemwomba amuulize mwenzake kama mama ni mzima, akasema wote mnaonekana wazima.

Kama umekasirika una haki. Niandikie hata mstari mmoja.

Mumeo,
Baba Glory


Bumbuli, 19 Novemba 2023

Kwako Baba Glory,

Salaam. Tu wazima, na wewe natumaini u mzima.

Nilingoja pale njiani tangu mchana mpaka ng'ombe wakarudi zizini. Nilikuwa nimevaa lile gauni. Barua yako ya mageti ilipofika niliikunja nikaiweka chini ya mtungi, nikasema sina tena cha kumwandikia mtu huyu. Nilimaanisha. Ya Oktoba niliipokea pia, sikuijibu.

Juzi Mariamu amekuja mwenyewe Bumbuli, mwenzake anaumwa. Amekaa jikoni kwetu, mama yuko kitandani mlango uko wazi, na Mariamu akidhani nimekwishaambiwa, akaanza kunipa pole ya ile siku ya Soni. Nikamwambia siku gani? Ndipo akaeleza.

Kwamba lori la mboga lilikupandisha mpaka Magamba, ukashuka mwenyewe Lushoto, ukashuka Soni, breki zinanuka moshi, watu wamejaa barabarani kukutazama. Kwamba ulivuka daraja ukaanza kupanda njia ya kuja kwetu. Kwamba baiskeli ya kulala haipandi mlima, mtu hawezi kusimama juu ya pedeli, na wewe huwezi kushuka ukaisukuma. Alisema ulipanda kidogo ikarudi nyuma, ukaanguka. Ukajaribu tena. Watu wa sokoni walicheka mwanzoni, kisha wakaacha. Alisema ulikaa kwenye jiwe kando ya njia ukitazama huku kwetu, hutaki chai, hutaki kushikwa, mpaka lori lilipokuwa linarudi wakakulaza juu ya magunia.

Kwa nini uliniandikia mageti, Baba Glory? Sina haja ya jibu, nimeshalijua. Lakini miezi hii miwili nimeishi nikidhani hutaki tena kuja.

Mariamu alipoondoka mama akaniita. Nilidhani anataka kugeuzwa. Akasema, "Mume wako amelala chali barabarani, soko zima linamcheka, ili aje kwako." Nikasema ndiyo mama. Kisha akasema, "Yeye amekubali kuaibika. Na mimi niache nikubali. Tafuta gari."

Nililia, na siyo kwa furaha peke yake. Amelia na yeye, akageukia ukutani kwa ule upande unaomtii.

Mchungaji ametusaidia kupata pikapu. Tutakuja Alhamisi ya mwisho wa mwezi, mama akiwa kwenye godoro nyuma. Nakuomba jambo moja. Usialike watu, usifanye sherehe. Sitakuwa mke uliyemuaga. Huenda nitakaa siku nyingi bila maneno, au nitakujibu vibaya. Sijui kama bado tumezoeana. Nimechoka mpaka ndani ya mifupa, na sijui uchovu huu unaishia wapi.

Mkeo,
Mama Glory


Kwai, 26 Novemba 2023

Mke wangu,

Salaam. Barua imefika Jumatatu, na leo nawahi hii imkute Mariamu kabla hajashuka.

Alilokuambia ni kweli. Nilipofika pale niliona mlima, nikaona kwamba hata nikiwa na mwaka mzima sitaupanda. Sikutaka ukumbuke sura yangu ya siku ile. Basi.

Kukaa bila maneno hakuna shida, mimi mwenyewe sisikii. Utalala unavyotaka na kuamka unavyotaka. Maziwa napeleka mimi kwa baiskeli, kuni analeta Klara, na kupika nimejifunza, ingawa hutasifu.

Mwambie mama shikamoo, na umfikishie na hili. Chumba cha nyuma nimekitoboa ukuta. Hamza amenisaidia kutoa matofali, mlango nimeuchomelea mwenyewe, unatokea nje upande wa migomba. Ule mlango wa zamani, wa kuingilia sebuleni kwangu, nimeuziba kwa tofali na lipu. Pikapu itazunguka nyuma ya nyumba, na siku hiyo mimi nitakuwa upande wa mbele. Ataingia kwake bila kupita kwangu, ataogeshwa kwake, atakula kwake. Ufunguo ni mmoja tu, na atakaa nao yeye.

Mumeo,
Baba Glory