Uliniacha Katikati ya Mto

Baba Mwende,

Leo nimekasirika, kwa hivyo nisikilize. Ulipokuwa hai ulikuwa unanikatiza.

Mvua uliyoingoja msimu mzima ili umalize filamu yako ilinyesha siku tuliyokuzika. Pastor hajamaliza kuomba, mto wetu wa mchanga ukashuka na maji mekundu, umebeba miti. Na kamera imefungwa sandukuni! Nilisema kwa sauti, pale kaburini, "Sasa ndiyo inakuja!" Wamama wakanishika mikono wakidhani nimerukwa na akili.

Hiyo filamu yako ya mwisho imenitesa. Mwanamke niliyemwigiza anavuka mto mkavu na kiondo chake cha ndengu. Watazamaji wameshaona maji yakishuka kutoka milimani, yale uliyoyapiga picha msimu uliotangulia, yeye hajui. Anainama kung'oa mwiba mguuni. Anasikia kitu. Anageuka. Basi, imeishia hapo. Nilikuuliza mara ngapi kama anaokoka? "Ukijua, Nduku, uso wako utajua." Sasa mimi ndiye mwigizaji wa pekee Ukambani asiyejua kama alikufa.

Tuliionyesha hivyo hivyo katika ukumbi wa kanisa pale Kibwezi, mchana, madirisha yamezibwa kwa blanketi. Wamama walipiga kelele, "Toka! Toka mtoni!" Ilipokatika, hakuna aliyeinuka. Ungefurahi, na hilo ndilo linanikera zaidi. Ulikuwa ukisema kumshtua mtu ni kazi rahisi, hata mbuzi nyuma ya mlango anaiweza. Kumngojesha bila yeye kukuchukia ndiyo kazi. Hata zile filamu ulizoitengenezea serikali za kuhifadhi mahindi, watu waliuma kucha wakingoja kuona kama mdudu atafika ghalani! Sasa siwezi kwenda sokoni. "Nduku, ulitoka?" Wananiuliza nimesimama mbele yao nikipimiwa ndengu.

Hoteli ya pale stendi imeleta televisheni. Najua ungechukia. Ulisema sinema mtu anaiendea ameoga, kama ibada, lakini televisheni inamkuta miguu iko kwenye karai. Ulisema anayetazama huku akiomba chumvi hawezi kuogopa. Nilienda kuona. Kweli, walikuwa wanaomba chumvi. Lakini mama mmoja aliacha chapati yake ikapoa, machozi yakimtiririka, na hakuwa ameoga. Hapo ulikosea, mume wangu. Kubali.

Halafu juzi akaja bwana mmoja wa televisheni kutoka Nairobi. Anaitaka filamu. Anataka ianze na mafuriko, katikati wauze sabuni, mwishoni nipigwe picha nikicheka ukingoni.

Nikamwambia, "Ukianza na maji, watu watangoja nini?"

"Mama, siku hizi watu hawangoji."

Nilimpa chai, nikamwonyesha barabara ya kurudi Nairobi. Lakini kabla hajaingia kwenye gari aliniuliza, kwa upole, "Kwani mzee hakukuambia inaishaje?"

Nilikaa chini pale mlangoni nikalia. Miaka yote nilidhani unanificha. Na kama... kama hata wewe hukujua? Kama ulikuwa unangoja tu, kama sisi? Ungesema! Tungengoja pamoja!

Kwa hivyo nimeamua. Mawingu yamejaa milimani, na Musyoka wa kamera anakuja kesho. Maji atayapiga picha kutoka ukingoni, na mimi nitakimbia mchanga ukiwa bado mkavu. Nitatupa kiondo, leso idondoke, nipande ule ukingo kwa magoti bila uzuri wowote. Utasema nimeiharibu. Sema. Wewe uliyeondoka kabla ya kazi kuisha huna sauti hapa.

Lala, Baba Mwende. Nakuahidi sitamwacha huyo mwanamke mle ndani. Kanisani wataiona kwanza, na televisheni wakiitaka nzima, waichukue nzima.

Ila ataishije akishafika ng'ambo peke yake, usiniulize. Hilo hata mimi nangoja kuona.

Mkeo,
Nduku