Ukuta Uliokaa Karibu na Moto

Mjukuu wangu Neema,

Huku Burungu tuko salama. Mama yako amepona, maharage yametoa maua. Umeuliza kwa nini mtambo mdogo wa kuunganisha viini vya atomi, kama huo mnaousanifu kazini kwenu, ni mgumu kuujenga kuliko mkubwa.

Vita ilipotukimbiza hadi msitu wa Walikale, nilikuwa mwanafunzi mpenda vitabu, mwenye haya. Tulipikia ndani ili wenye bunduki wasione moshi. Nikapiga hesabu, nikajenga kibanda kidogo sana cha majani: kuni chache, joto jingi.

"Papa profesa," mama alinicheka, "moto italala wapi, na ukuta wapi?"

Siku ya pili ukuta uliwaka. Mama aliuzima kwa mkeka uliolowa, lakini moshi ulishapanda juu ya miti. Tulilala kwenye matope mpaka jioni, nimemziba mdogo wangu mdomo asilie. Hawakuja.

Mtambo wenu nao, ndani yake sumaku huzuia ule moto wa gesi yenye joto kali usiguse ukuta. Ukiupunguza mtambo ukubwa, ukuta husogea karibu, joto na chembe za atomi huupiga zaidi, na nafasi ya kuweka kinga ya kuzilinda sumaku zenyewe hukosekana.

Wakubwa wako wa kazi wakisifu udogo wake, waulize kinga imekaa wapi. Asubuhi ile, kabla ukuta wa kibanda haujawaka, niliugusa, ulikuwa wa moto, nikaona haya kusema.

Babu yako