Hodi Tatu

Dada yangu,

Nimefika salama, ila nusura nilale nje. Milango ya huku ni minene, sauti haipenyi. Nilipiga hodi tatu kwenye nyumba niliyopangiwa, kimya. Nikabeba sanduku nikageuka. Si ndivyo tulivyofunzwa? Mara mama mwenye nyumba, aliyeniona dirishani, akanikimbilia na kandambili mguu mmoja, ya pili kaikosa kwa haraka, akanionyesha kengele ukutani huku akicheka. Kumbe alikuwa ndani ananisubiri! Sasa kila mlango naukagua: huu una kengele, ule unafunguka wenyewe kama una akili.

Lakini dada, asubuhi ya safari, licha ya mimi na baba kununiana, nilimpigia hodi tatu chumbani kwake. Hakuitika, nikaondoka. Hebu muulize: alikuwa bado anatafuta kandambili?

Mdogo wako,
Kiguu na Njia