Kufuli la Choo

Jumatatu, 11 Agosti
Basi analoendesha Mwita limesimama. Watu wameshuka mbio, hakuna hata mmoja aliyeuliza chakula. Wote nyuma ya kibanda changu cha chakula, kwenye choo alichonichimbia marehemu mume wangu. Konda wao Abel anapaza sauti — kuchimba dawa dakika tano, chakula kule mbele! Kule mbele ni kituo kipya cha mafuta. Chipsi, muziki, na twiga wa saruji wa kupigia picha. Macho yenyewe makengeza. Choo cha kule ni cha kulipia, kwa hiyo kwangu wanakojoa, kwa twiga wanakula.
Kuku kabaki sufuriani. Nimekula paja. Iliyobaki nimempa mbwa.

Jumanne, 12 Agosti
Bernadina kapiga simu kutoka Katoro. Mama, funga hicho kibanda, uje ukae na wajukuu. Nikamwambia nina wateja. Akauliza, wateja gani, mama? Hana adabu huyu mtoto. Eti mwisho wa mwezi anakuja kunichukua, kama sijapata wa kula chakula changu.
Katoro nikafanye nini? Kutwa wako kwenye mashimo ya dhahabu, wakirudi ni vumbi na simu. Hapa angalau napata wa kumgombeza.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimenunua kufuli. Basi lilipofika nilikuwa nimekaa, ufunguo kwenye pindo la khanga. Wakaukuta mlango umefungwa. Mama mmoja mnene anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hapo ndipo Mwita mwenyewe akashuka. Miaka yote huyu amekula hapa, firigisi ni yake, hata mjumbe wa nyumba kumi sikumpa. Leo ananiamkia huku anatazama matairi.
Shikamoo, bibi. Naomba ufunguo.
Marahaba. Kaa ule kwanza.
Bibi, tajiri ndiye kapanga kule. Mimi naendesha tu.
Basi tajiri akuchimbie na choo.
Abiria wakacheka. Yeye hakucheka. Wakaishia kwenye mabua ya mtama ya Luka, jirani yangu. Jioni Luka kaja juu — mayu, mama yangu, shamba langu ndilo limekuwa choo cha stendi? Nikamwambia ashukuru, ni mbolea.
Leo nitalala vizuri.

Ijumaa, 15 Agosti
Limepita. Sikuona hata mkono dirishani.

Jumamosi, 16 Agosti
Limepita. Nilikuwa nimepika wali na kuku. Mjinga mimi.

Jumapili, 17 Agosti
Kanisani sikwenda, wangeniuliza biashara. Tangu Alhamisi hakuna aliyeniamkia. Luka anapita na baiskeli, uso kaugeuzia ng'ambo.
Asubuhi nimefungua kufuli. Nimefagia choo, nimemwaga majivu shimoni, nimeweka ndoo ya maji na kopo. Mlango nimeuegemezea jiwe ubaki wazi, uonekane kutoka barabarani. Chakula sijapika. Wakojoe tu. Washuke, wapige kelele, wamwage maji ovyo, niwaseme.
Bernadina kanitumia meseji, umeanza kufunga mizigo? Sijajibu.
Nasikia gari kule mteremkoni. Ni lile, breki zake nazijua zinavyolia. Siinuki. Naandika hapa kichwa chini, Mwita asije akadhani nilikuwa namngoja.
Linapunguza mwendo.
Pale mbele kuna tuta. Magari yote hupunguza.