Miche ya Mrihi Niliyoiosha

Mjukuu wangu Kadzo,

Salamu zako kutoka Eldoret zimenifikia. Huku Gede hatujambo. Mjombako ameezeka jiko upya, na mamako yuko Magarini kwa mavuno.

Umeniuliza kwa nini likizo iliyopita nilikukataza kukung'uta udongo kwenye mizizi ya miche. Nilipokuwa msichana, mama mmoja mtafiti aliniajiri nimchimbulie miche ya mrihi msituni. Mizizi ilikuwa na nyuzi nyeupe. Nikadhani ni uchafu, na kwetu mgeni hapewi kitu kichafu. Nikaiosha yote kisimani, nikaipangusa kwa leso yangu.

Nilipompelekea, aliigeuza mizizi mkononi, akasema: "Ahsante, binti. Nyuzi zile ni kuvu, ndizo zinazoutafutia mti maji na chakula. Ulichokiosha ndicho nilichokifuata."

Hakunigombeza. Aliipanda vivyo hivyo, kando ya mingine aliyoichimba mwenyewe na udongo wake. Yake ilinawiri. Yangu iligeuka manjano, ikafa mmoja baada ya mwingine, na aliyeimwagilia yote maji sawasawa nilikuwa mimi.

Leso ile ninayo bado, imechakaa. Ukija, fungia miche yako humo, na udongo wake wote.

Ni mimi bibi yako,
Gede