Pipa Aliloliinamisha Shemeji

Sindo, Jumanne

Dada Pauline,

Huku tu wazima, na goti la mama limeacha kuvimba. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ujumbe wa simu yako mumeo huusoma wote kila akija huko nyumbani.

Kile chombo cha chuma chenye umbo la faneli nilichomchomelea pale anapooshea magari kinafanya kazi. Maji machafu huingia ubavuni, huzunguka kwa kasi, mafuta hujikusanya katikati yakatokea juu, na maji safi hutokea chini. Nilihangaika na upana wa mdomo miezi saba mpaka kikakubali.

Wiki jana wakaguzi wa mazingira walikuja. Shemeji Stanley akakinga maji kwa gilasi, akayanywa mbele yao. Wakapiga makofi, wakampa cheti. Hata mimi nilipiga, mjinga mimi.

Walipoondoka tu, akabingirisha pipa lililojaa yale mafuta yaliyotengwa mpaka ufuoni, akaliinamisha ziwani.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Cheti si tumepata?" akacheka. "Ziwa ni kubwa."

Fikiria, dada. Zamani mafuta yalichuruzika kidogo kidogo. Sasa mimi ndiye ninayemkusanyia, ayamwage yote mara moja.

Kesho yake akina mama waliosha omena, dagaa wetu wa ziwani, papo hapo, wakaanika. Shemeji akanunua madebe mawili bila hata kunusa. Zinanuka dizeli. Anakuletea Jumamosi.

Mpikie yeye peke yake. Watoto usiwape.

Mdogo wako mwenye aibu,
Nchagwa